Raha ya Mwananchi Yataka Mahali

Mara nyingi safu hii huzungumzia mambo mazito: bei ya karafuu, upungufu wa maji, usafiri baina ya Unguja na Pemba, na hali ya skuli zetu. Leo tunawaomba wasomaji watuwie radhi, tuzungumze jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana jepesi. Jambo hilo ni starehe. Wala hatukusudii starehe za mahoteli makubwa ya pwani, ambazo wenyeji wengi huzijua kwa kuzipita njiani. Tunakusudia zile starehe ndogo ndogo za kila siku ambazo mwananchi huzipata baada ya kazi kwa fedha chache, au bila ya fedha kabisa: bao la kete chini ya mwembe, dhumna barazani, kikombe cha kahawa chungu, bakuli la urojo, mpira wa jioni, na sinema pale inapopatikana.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya. Starehe ya bei nafuu haitegemei sana fedha, inategemea mahali. Mwenye nacho akikosa mahali pa kupumzikia, hununua. Mnyonge akikosa mahali, hukosa na mapumziko yenyewe. Kwa hivyo kila baraza inayovunjwa, kila kiwanja kinachozungushiwa ukuta, na kila jumba la hadhara linaloachwa likaanguka, ni kodi inayotozwa watu wasiokuwa na pa kwenda pengine. Kodi hiyo haiandikwi katika daftari lolote la Serikali, lakini hulipwa kila jioni.

KETE NA KAHAWA

Tuanze na bao, kwani ndilo mchezo wa heshima katika visiwa vyetu na mwambao wote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane. Kete zake ni 64, na aghalabu huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu zinazookotwa vichakani na ufukweni. Kila mchezaji ana kete zake 32. Anapoanza huweka sita katika nyumba, huweka mbili mbili katika mashimo mawili ya ubavuni, na 22 zilizobaki huziweka akiba, azitumie moja moja katika kunamua. Akiba ikimalizika, mchezo huingia katika mtaji, na hapo ndipo hesabu hupanda kichwani. Mchezaji hodari huiona safari ya kete zake, wapi zitakula na wapi zitalala, kabla hajautia mkono shimoni.

Mchezo huu wa akili nyingi unahitaji nini? Ubao mmoja ambao fundi wa mtaani huweza kuuchonga ukadumu miaka mingi. Mbegu zinazookotwa bure. Kivuli. Watu wawili wa kucheza na wengine kumi wa kuwasahihisha. Anayeshindwa hapotezi hata senti moja. Hupoteza nafasi yake tu, akapisha mwengine. Kadhalika dhumna yenye vipande 28, kadhalika karata, drafti na keram. Tukizihesabu gharama zake tutaona kwamba hakuna burudani iliyo rahisi kuliko hizi. Gharama kubwa ni moja tu, na hiyo haimo mkononi mwa mchezaji: pahala pa kukaa.

Pahala hapo wazee wetu walipajua. Nyumba ya Kizanzibari ilijengwa na baraza yake nje, kando ya mlango, kuta zikatandazwa chini zikawa viti vya mawe. Baraza hiyo ni mali ya mwenye nyumba, lakini kivuli chake ni cha mtaa mzima. Mgeni asiyestahili kuingizwa ndani hupokewa hapo. Mvua ikinyesha na njia ikafurika, mpita njia hupita juu yake. Jioni hukaliwa na wenye kusuka ukili, wenye kudarizi kofia, na wenye kuzungumza tu. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hapana shaka milango ya nakshi ndiyo iliyopigwa picha zaidi. Lakini kwa maisha ya watu, sisi tunaiona baraza kuwa na kazi kubwa kuliko mlango. Mlango hufunga, na baraza huita.

Penye baraza, muuza kahawa hafiki mbali. Huja na dele lake juu ya makaa, akaligongesha gongesha vikombe vyake, na kashata kidogo pembeni. Kahawa hiyo ni chungu, hainyweki kwa pupa, na kwa ajili hiyo humpa mnywaji muda wa kusikia habari. Wengi wanaijua Jaws Corner katika Mji Mkongwe, pembe ya njia iliyopata jina lake kutokana na ile filamu ya papa iliyotoka mwaka 1975. Tunaitaja kwa sababu katika pembe hiyo moja zimekutana starehe nyingi tunazozizungumzia: jina la sinema, kahawa ya dele, dhumna juu ya meza, na mabishano ya siasa ambayo hayamalizi siku. Serikali yoyote inayotaka kujua wananchi wanasema nini haihitaji kufanya uchunguzi wa gharama. Ikae hapo kikombe kimoja.

UROJO NA BAHARI

Starehe ya pili ni ya kinywa. Katika visiwa vyetu, kula nje si lazima kuwe ni anasa. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Mchana kuna muhogo wa kuchoma na pilipili, na kwa watoto wanaotoka skuli kuna ubuyu, achari na barafu. Jioni hufika zamu ya urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe au ndimu, ndani yake mkiwa na viazi, bajia, kachori na mishkaki, juu yake chatne ya nazi na chipsi za muhogo. Wageni wameupa jina la Zanzibar mix, nasi hatuwakatazi. Lakini mwenyeji akisema urojo, mate yamekwisha kumtoka.

Tazama lakini namna chakula hicho kinavyofanya kazi. Muuzaji, ambaye mara nyingi ni mama au kijana asiyekuwa na ajira nyengine, hupata riziki kwa mtaji wa sufuria na meko. Mnunuzi hupata mlo kwa bei anayoimudu. Na kwa kuwa bakuli huliwa papo hapo, kwa kusimama au kukaa kwenye fomu, watu wasiojuana huulizana habari. Sahani hiyo hiyo ikihamishiwa katika mkahawa wenye kuta na kipoza hewa, bei hupanda mara kadhaa, na kilichoongezeka ndani yake si viungo. Ni pango.

Mfano ulio bora zaidi ni Forodhani. Bustani hiyo iko mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, pale ambapo zamani palikuwa na shughuli za forodha, na katika miaka ya 1930 paligeuzwa kuwa bustani iliyoitwa Jubilee Gardens. Kwa miaka mingi wananchi wameizoea kuwa jiko la mji: pweza, mishkaki, mkate wa mofa, mantabali ambayo siku hizi huitwa pizza ya Zanzibar, na juisi ya miwa iliyosagwa na tangawizi na ndimu. Mwisho wa karne iliyopita bustani ilikuwa imechakaa, ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, na mifereji imeziba. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kwa kushirikiana na Serikali, ulianza kuitengeneza mwaka 2008, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya ikiwa na ukuta imara, taa, njia, miti, na sehemu ya watoto kuchezea.

Kazi ile ilikuwa njema, nasi tunaisifu. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wauzaji wa vyakula hawakufukuzwa moja kwa moja ili bustani ipendeze. Walirudi. Vijana nao wakarudi kujirusha baharini kutoka juu ya ukuta, kwa vichwa na kwa migongo, bila ya kulipwa na mtu. Jioni familia hutandika mikeka juu ya majani. Hapo tunaona kwamba kutengeneza mahali na kukaribisha watu wa kawaida ni mambo mawili yanayoweza kwenda pamoja, ikiwa nia ipo.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Mwaka 2023 visiwa vyetu vilipokea watalii zaidi ya 600,000. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apishe. Pale ambapo meza ya mishkaki inatangaza bei moja kwa mwenye kamera na nyengine kwa mwenye kofia, mwenyeji bado anayo nafasi. Lakini bei ikawa moja tu, na ikawa ni ya mwenye kamera, basi bustani itakuwa imechukuliwa bila ya kujengwa ukuta wowote. Hilo si kosa la mgeni wala la muuzaji, kwani kila mtu hutafuta riziki yake. Ni jukumu la wenye kutoa leseni na kupanga nafasi kuhakikisha kwamba sehemu ya meza hizo inabaki kwa chakula cha wenyeji kwa bei ya wenyeji.

PAZIA LILILOFUNGWA

Ikiwa Forodhani ni mfano wa mahali palipookolewa, sinema ni mfano wa mahali palipopotea, na tungependa viongozi wetu waisome habari yake kwa makini.

Vijana wengi wa leo hawaamini wakiambiwa kwamba mji wa Unguja ulikuwa na majumba kadhaa ya sinema yaliyokuwa yakijaa. Royal Theatre ilifunguliwa Vuga mwaka 1921. Baada ya jumba kuungua moto katika miaka ya 1950 lilijengwa upya, na jengo la Majestic linalojulikana hadi leo likakamilika mwaka 1955. Kulikuwa na Empire, na kulikuwa na Sultana ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuja kuitwa Cine Afrique. Filamu za Kihindi ndizo zilizoteka nyoyo za watu. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliwaliza hata wasiojua neno moja la Kihindi, kwa sababu habari ya baba anayemkataa mwanawe haihitaji mkalimani.

Lakini uzuri wa sinema haukuwa katika filamu tu. Ulikuwa katika ukumbi. Siku ya Jumapili familia nzima ilitoka, imevaa vizuri, baba, mama, watoto na jirani. Palikuwapo maonyesho ya wanawake watupu, na mabibi waliokuwa hawaonekani ovyo barabarani walikuwa wakienda kwa makundi, wakacheka na kulia kwa sauti bila ya kumwonea mtu haya. Mhindi, Mwarabu, Mngazija, Mshirazi na mtu wa bara walikaa katika giza moja wakitazama ukuta mmoja. Bei ya tikiti ilitofautiana kwa viti, lakini palikuwa na kiti cha kila mtu.

Majumba hayo yalikufaje? Hayakufa kwa siku moja, wala hayakuuliwa na mtu mmoja. Baada ya Mapinduzi yalichukuliwa na Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilipata televisheni ya rangi, jambo la fahari kwetu, kwani Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kisha ikaja dhiki ya fedha za kigeni ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, filamu mpya zikawa haba, mashine zikachakaa, paa zikavuja. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, video zikaingia majumbani. Mtu aliyekuwa anatoka, akabaki ndani. Majumba yakaanza kufunga moja baada ya jengine, mpaka hatimaye hata Majestic na Cine Afrique zikazima taa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maendeleo tu, na kwamba siku hizi kila mtu ana filamu katika simu yake. Sisi tunauliza swali jengine: ni nani aliyepoteza? Mwanamme wa mtaani, sinema ilipofungwa, alibaki na baraza yake, kahawa yake, na kibanda cha kutazamia mpira wa Ulaya. Mwanamke alibaki na nini? Ukumbi wa sinema ulikuwa miongoni mwa sehemu chache sana za hadhara ambamo mke na binti waliweza kukaa kwa heshima kwa muda wa saa tatu, wakaburudika na kurudi nyumbani bila ya kusemwa. Hasara hiyo haikugawika sawasawa. Na kwa kuwa waliopoteza zaidi si wao waliokuwa wakikaa katika vikao vya maamuzi, hasara yenyewe haikujadiliwa.

Mwangaza haukutoweka wote. Tangu mwaka 1998, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lijulikanalo pia kwa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi, limekuwa likionyesha filamu chini ya nyota ndani ya Ngome Kongwe, na limepata kuzipeleka filamu hadi vijijini. Zimekuwapo pia juhudi za kutaka kuifufua Majestic. Tunaziunga mkono. Lakini tamasha ni la siku chache katika mwaka, na mwananchi hupumzika kila wiki.

KIWANJA NI HAKI

Yaliyotokea kwa sinema yanaweza kutokea kwa viwanja, na huko hasara itakuwa kubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya laki tano na themanini elfu, na ardhi ya visiwa vyetu haikuongezeka hata pima moja. Hao wote wanahitaji nyumba, skuli, hospitali na maduka, nasi hatusemi visijengwe. Tunasema tu kwamba mtoto anayezaliwa leo atahitaji pia pahala pa kurushia tiara, kucheza nage, gololi na mdako. Na nyumba ya ghorofa, ambayo ndiyo itakayotuwezesha kuishi wengi katika ardhi ndogo, haina baraza kwa kila mlango. Baraza yake ni ule uwazi ulioachwa chini. Uwazi huo ukigeuzwa wote kuwa maegesho ya magari, tumewapandisha watu juu na kuwanyang'anya mahali pa kushukia.

Wazee wanakumbuka kwamba viwanja vya Mnazi Mmoja, katika zama za ukoloni, havikuwa vya kila mtu. Sehemu yake kubwa ilitengwa kwa gofu, kriketi na tenisi za watawala na vilabu vyao, na vijana wa Ng'ambo waliopenda mpira walijua vizuri mpaka wao uko wapi. Leo katika viwanja hivyo hivyo watoto wa mitaa yote hukimbizana, na sikukuu zikifika hujaa mabembea, vinyago, pipi na nguo mpya. Kwa hivyo suala la nani aruhusiwe kucheza wapi halikuwa dogo hata kidogo katika historia yetu. Lilikuwa ni suala la utu.

Mashamba nayo yana viwanja vyao. Pemba, mchezo wa ng'ombe hukusanya vijiji kwa nyimbo, ngoma na kelele za furaha, na hauwezi kuchezwa katika uchochoro. Makunduchi, Mwaka Kogwa una kiwanja chake ambapo watu hupigana kwa migomba ili waumalize mwaka bila ya kinyongo. Resi za ngalawa zataka ufukwe wazi, ambao mvuvi na mtazamaji wanaweza kuufikia bila ya kuulizwa na mlinzi wanakwenda wapi. Mila haihifadhiwi katika vitabu peke yake. Huhifadhiwa kwanza kwa kutouuza uwanja wake.

HOJA ZA WANAOPINGA

Tunajua kwamba kuna hoja za upande wa pili, na haki ni kuzisikiliza. Ya kwanza ni kwamba baraza na bao hulea uvivu. Wahenga wenyewe walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Ni kweli, na kijana anayekaa kwenye dhumna tangu asubuhi hadi usiku hatumtetei. Lakini huyo hakukosa kazi kwa sababu ya dhumna. Alikwenda kwenye dhumna kwa sababu ya kukosa kazi. Ukiivunja baraza, hutampatia ajira. Utampeleka kwenye simu yake, ambako siku hizi hungojewa na michezo ya kubahatisha inayomwahidi utajiri kwa kubonyeza kitufe. Aliyeshindwa bao hucheka na kupisha mwenzake. Aliyeshindwa katika kamari ya simu amepoteza fedha za nauli na za unga, na hakuna hata mtu mmoja aliyekaa karibu yake wa kumwambia basi, inatosha.

Hoja ya pili ni afya. Kipindupindu kimewahi kututesa, na Serikali imewahi kulazimika kupiga marufuku uuzaji wa vyakula vya wazi ili kuokoa maisha ya watu. Amri kama hiyo, wakati wa maradhi, ni sahihi. Lakini maradhi yakisha, dawa yake ya kudumu si marufuku. Ni bomba la maji safi karibu na meza, choo kinachofanya kazi, pipa la taka linalomwagwa kila siku, na mkaguzi anayekuja kufundisha kabla ya kutoza faini. Muuza urojo mwenye maji ataosha bakuli lake. Asiyekuwa na maji atalichovya katika ndoo moja kutwa nzima, na sote tunajua matokeo yake.

Hoja ya tatu ni fedha: kwamba kiwanja kitupu hakizalishi. Tunaijibu kwa kusema kwamba hiyo ni hesabu ya upande mmoja. Bustani ya Forodhani huwalisha mamia ya watu kwa mikono yao wenyewe, na humfanya mgeni akae usiku mmoja zaidi. Kiwanja cha mtaa ndicho kinachotoa mchezaji anayekuja kuonekana Amaan na Gombani. Faida hizo zipo, ila hazina mwenye duka wa kuzitangaza.

TUNAYOYAOMBA

Hatupendi kulalamika bila ya kupendekeza, na tunayoyaomba hayahitaji mabilioni. Kwanza, kabla ya eneo lolote la wazi kugawiwa kwa ujenzi, mamlaka inayohusika imwulize sheha, na sheha awaulize wananchi: nani anapatumia hapa, kwa jambo gani, na saa ngapi? Wenye kuulizwa wawe pamoja na wanawake na watoto, kwani wao ndio wanaosahauliwa upesi. Jibu hilo liandikwe katika ramani kama linavyoandikwa bomba la maji au waya wa umeme.

Pili, Mabaraza ya Manispaa na Halmashauri za Wilaya, Unguja na Pemba, yatenge katika kila shehia pembe moja iliyo na kivuli, viti vya saruji, taa na bomba. Haihitaji kuwa kubwa. Ubao wa bao wananchi watauleta wenyewe.

Tatu, sinema irudi hata kama si kwa jumba. Skrini ya kitambaa, mashine moja na jenereta, katika kiwanja cha skuli, mara moja kwa wiki, kwa usiku wa familia na kwa mchana wa akina mama, vyatosha kuwa mwanzo. Filamu zetu wenyewe zipo, na zinahitaji watazamaji.

Nne, nasi wananchi tuna wajibu wetu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na bado asubuhi ya baada ya sikukuu viwanja vyetu hutia aibu. Hatuwezi kudai mahali tukapageuza jaa. Kadhalika tunaokaa barazani tumpishe mwanamke apite bila ya kumsindikiza kwa maneno, na tunaocheza usiku tukumbuke kwamba nyuma ya dirisha kuna mgonjwa na mtoto wa mtihani.

Mwisho, tunawakumbusha viongozi wetu, wengi wao wakiwa ni watoto wa mitaa hii hii, kwamba wao pia walijifunza hesabu kwenye bao kabla ya darasani, na walijifunza kubishana bila ya kugombana kwenye dhumna kabla ya kufika katika Baraza la Wawakilishi. Sehemu walizojifunzia zilikuwapo kwa sababu aliyewatangulia hakuziuza. Tunawaomba nao wawe watangulizi wa namna hiyo kwa watoto ambao jioni ya leo, saa ya alasiri ikipita, watatoka na mpira wao kutafuta pahala pa kuchezea.